Aliyechora Ua la Alizeti

Elia alipofariki, familia yake walileta wasifu wake kwangu niuchape. Sikushangaa, maana hapa Miyuji, Dodoma, ratiba nyingi za mazishi huchapwa dukani kwangu, na mtu aliyefiwa hana nguvu za kuzunguka mjini kulinganisha bei. Aliyeuleta ni binti yake mkubwa, Rehema, kanga kiunoni na macho yamevimba. Akaniamkia, nikampa pole, nikamsogezea kiti. Baba yake nilimfahamu kabla yeye hajazaliwa, na nilipopata habari nililia kweli, asije mtu akasema sikulia. Kisha nikaanza kuandika. Alizaliwa Mpwapwa, akasoma Mpwapwa, akaja Dodoma kutafuta maisha, akaoa, akajaliwa watoto. Hayo yote vidole vyangu viliyaandika vyenyewe kama vinavyoandika misiba mingine. Nikafika mahali palipoandikwa: "Marehemu atakumbukwa kwa kipaji chake, kwani ndiye aliyechora ua la alizeti lililoko kwenye madumu ya mafuta ya kula tunayotumia majumbani." Vidole vikasimama. Rehema akauliza, "Mama, mwandiko hausomeki?" Nikamwambia unasomeka vizuri sana.

Ua lile nililichora mimi. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kubahatisha. Sikusaidia kulichora, sikutoa wazo, sikushauri rangi. Nililichora mimi Nyemo, kwa mkono huu wa kulia, petali moja baada ya nyingine, mbegu moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta iliyokuwa ikipata moto kuliko pasi ya mkaa. Ukipita barabara kuu ukaona madumu ya mafuta yamepangwa juani yanasubiri wenye magari, ua lile la njano lililoinamisha shingo kidogo, lenye petali moja iliyojikunja, ni langu. Dumu lake nimelinunua mwenyewe nikakaangia mandazi. Nimekaa kwenye harusi nikasikia mtu akimwambia mwenzake kwamba lile ua si la kuchora, ni picha iliyopigwa shambani, nikala pilau yangu nikanyamaza. Nilidhani nimeshapoa. Kumbe hasira ni kama moto wa pumba: juu unaona jivu, ukitia mguu ndipo unajua.

Habari za kwetu na za wazazi wangu sitazieleza hapa, si za sura hii. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninaishi kwa shangazi hukuhuku Miyuji, nikapata kazi kwenye duka la uchapaji karibu na soko. Duka lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa changu: mashine ya fotokopi, mashine ya kulaminisha vyeti, na kaunta ambayo hata ukiifuta asubuhi, saa nne unaandika jina lako kwenye vumbi. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta, feni, na Elia. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa habodi, ubao mwembamba, ambao haukufika darini, kwa hiyo lolote lililosemwa nyuma nililisikia mbele, nipende nisipende. Mwenye duka, tuliyemwita Bosi Gervas, aliamini kwamba ukuta ni ukuta. Wanawake walikaa mbele na mashine za kubonyeza kitufe. Kompyuta ya michoro ilikuwa ya mwanaume, na hakuna aliyewahi kuniambia sababu yake; nilipouliza, Bosi alicheka, akasema, "Nyemo, wewe kata karatasi."

Lazima nieleze habari ya kile kiti, la sivyo mambo mengine hayataeleweka. Nyuma ya kiti cha Elia palikuwa na kiti cha plastiki cheupe, cha mteja. Mteja hakuwa anaacha kazi yake akaenda zake. Hapana. Alikaa pale, magoti yake yakigusa mgongo wa mchoraji, akaelekeza. Sogeza juu. Nenepesha herufi. Weka njiwa wawili wanaangaliana. Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuja na wajumbe wake, kila mmoja na kidole chake kwenye kioo, na kadi ikitoka nzuri walipongezana wao kwa wao. Mpaka leo wapo wanaotaka kunikalia hivyohivyo, na mtu akishanielekeza kushoto na kulia nusu saa, anatoka nje anasema kadi ameibuni yeye. Mkono uliofanya kazi wanauhesabu kama sehemu ya kompyuta. Na kompyuta, kama wote wanavyojua, inajichorea yenyewe.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: Elia alinifundisha. Mchana Bosi alipokwenda kwake kula na kulala kidogo, duka lilitulia, na Elia alinikaribisha chumba cha nyuma. Tulikula pamoja chakula nilichobeba kwa shangazi, ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine na kipande cha nyama kavu. Tukishanawa alinipisha kiti chake. Alikuwa mwembamba, mpole, sauti yake ya chini, na hakuwahi kunicheka. Alinionyesha namna ya kufungua kile kipanya cha zamani cha kompyuta chenye gololi tumboni na kukwangua vumbi kwa ukucha, kwa sababu vumbi la Dodoma likishaingia mle, mstari unaruka kama mbuzi. Akanifundisha kwamba kwenye programu ile mstari haukokotwi kama kwa penseli. Unaweka nukta hapa, unaweka nukta pale, halafu unauvuta katikati mpaka ukubali kupinda. Nukta zikiwa nyingi, ua linakuwa na mabonde. Zikiwa chache, linakuwa la plastiki. "Tafuta mahali ua lenyewe linapogeuka," alisema, "hapo ndipo uweke nukta." Sijasikia somo bora kuliko hilo, na nimewafundisha wengi maneno hayohayo. Hiyo ndiyo sababu kilichofuata kiliniuma. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana siku ileile yakaisha.

Mwanzoni mwa mwaka, mvua zilipokuwa zimeshika, alikuja mteja anaitwa Mzee Mwaluko, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," mlangoni kama anaingia nyumbani kwa watu, akapita moja kwa moja mpaka kile kiti. Alitaka lebo ya mafuta yake. Bosi alimwonyesha maua yaliyokuja tayari ndani ya diski, maua ambayo kila duka la uchapaji mjini lilikuwa nayo. Mzee akakataa. Alisema mafuta ya jirani yake yana ua hilohilo, na sabuni ya unga ina ua hilohilo, na yeye anataka alizeti ya kwetu, mtu akiiona amwone mkulima. Elia akachora petali moja nzuri, akainakili, akaizungusha duara zima mpaka ikakamilika. Ndivyo wengi walivyofanya. Mzee akaitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "hili ni gurudumu la baiskeli." Mimi kule mbele nikaziba mdomo kwa karatasi ya fotokopi.

Walirudia mara kadhaa, gurudumu likawa kubwa, likawa dogo, likatiwa kivuli, likabaki gurudumu. Bosi akaanza kukasirika, kwa sababu lebo zile zilikuwa kazi ya mwaka mzima, na akasema waziwazi kwamba ikipatikana ataongeza kompyuta ya pili, na aliyeipata kazi hiyo ndiye atakayemsaidia kuchagua nani aikalie. Mchana ule Elia hakumaliza ugali. Akaniambia, "Jaribu wewe. Mimi nimeshachoka kuliona." Nilimwuliza, nikiliweza je? Akasema, "Ukiliweza, kompyuta ya pili ni yako. Nitamwambia Bosi mwenyewe." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu niliyatembea nayo njia nzima mpaka nyumbani, na usiku nilimwambia shangazi kwamba natoka kwenye fotokopi.

Shangazi alikuwa na kishamba nyuma ya nyumba, alizeti zimechanua. Kila asubuhi nilikata ua moja nikalipeleka kazini ndani ya kopo la maji, nikaliweka kando ya kioo. Tatizo la alizeti ni kwamba ukiikata haikusubiri. Kufika mchana petali za juu zimelegea, na mimi nilikuwa na ile saa moja tu Bosi akiwa hayupo. Leo nikachora petali mbili, kesho ua ni jingine, na petali zake zina tabia nyingine. Ndipo nilipoona kosa la gurudumu liko wapi. Hakuna alizeti yenye petali mapacha. Moja imechongoka, moja imechanika ncha, moja imelalia nyingine na kuiachia kivuli cha rangi ya chai. Nikaapa sitanakili hata moja. Kila petali niliipa mistari yake na rangi zake, njano ya kiini cha yai pale jua linapopiga, kahawia pale inapoingia kwenye shina lake. Katikati palinishinda mpaka nilipokaa nikafuata mbegu kwa kidole, nikaona hazikutupwa ovyo, zimejipanga kwa mizunguko inayopishana kama ususi wa ungo. Umeme ulikatika mara nyingi, nikapoteza kazi, nikarudia. Shingo niliiinamisha kidogo, kwa sababu ua lililojaa mbegu huwa zito. Lilipokamilika Elia alisimama nyuma yangu, akaweka mkono kwenye paji la uso wake. Kisha akasema, "Hili ni ua." Nilifurahi, sitaficha, nilifurahi mpaka machozi.

Mzee Mwaluko aliitwa. Niliendelea na fotokopi zangu, masikio yote nimeyapeleka juu ya habodi. Nikasikia kiti cha plastiki kikilia, kisha Mzee akasema taratibu, "Hii ni ya shambani kwangu." Akauliza, "Nani kachora?" Nikasimamisha mashine. Bosi, aliyekuwa anajua vizuri kabisa, kwa kuwa Elia alimwambia asubuhi ile na mimi nilisikia akimwambia, akajibu, "Huyu hapa kijana wangu, Elia." Nikasubiri. Ulikuwa ni muda wa mtu kumeza mate. Nikamsikia Elia akisema, "Tunashukuru, mzee." Hayo tu.

Lakini Mungu naye hakosi mzaha. Mzee alitaka badiliko moja: petali ya chini ijikunje, kwa sababu upepo wa kwao huzikunja. Elia akaingia ndani ya mchoro asioujua. Petali zangu zilikuwa zimelaliana kama chapati, ukigusa moja unavuta tatu. Nilisikia kipanya kikibofya, kikibofya, na Mzee akiguna nyuma yake. Kwa kawaida mteja angeambiwa aende akanywe soda, ila Mzee hakuwa mtu wa kuondoka kitini. Hatimaye Elia akaita, "Nyemo, hebu njoo unishikie kipanya, mkono umekufa ganzi." Nikaenda. Nikakaa. Elia akasimama pembeni, akaanza kunielekeza kwa sauti ya mwalimu: shuka chini, nenda kushoto, hapo, vuta. Alikuwa anaelekeza ovyo. Alisema kushoto nikaenda kulia, alisema vuta nikasukuma, na petali ikajikunja kama imepigwa na upepo wa alasiri. Mzee Mwaluko akapiga paja lake kwa furaha. Akanigusa bega na kuniambia, "Binti, umsikilize sana mwalimu wako. Ukimfuata hivi, na wewe siku moja utachora." Nikasema ahsante, babu. Nikarudi kwenye fotokopi, nikaharibu vyeti vya mtu.

Kuna watu wakisikia kisa hiki huniuliza mbona sikusema. Nilisema. Jioni ileile nilimfuata Bosi, nikamwambia ua nimelichora mimi na yeye anajua. Hakukana. Aliniangalia kama mtoto anayedai kuendesha gari, akasema, "Mzee akijua lebo yake kachora msichana wa fotokopi, ataona tumemchezea. Unataka univunjie kazi?" Nikamwuliza habari ya kompyuta ya pili. Akasema tutaona. Kesho yake mchana nilimwuliza Elia, chakula kikiwa kati yetu. Alimega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalizungusha mpaka ukamba ukakatika. "Dada Nyemo," akasema, "wewe unajua, mimi najua, Mungu anajua. Inatosha."

Haikutosha. Haijatosha mpaka leo. Ni rahisi sana kwa aliyeshika sifa kumwambia asiye nazo kwamba Mungu anajua. Kompyuta ya pili ilikuja miezi michache baadaye, mpya, na Elia akaikalia yeye. Ile ya zamani akapewa mpwa wa Bosi, aliyekuja kutoka kwao hajui hata kukifungua kipanya kukisafisha. Bosi akaniagiza nimwelekeze. Nilimwelekeza, siku moja, halafu nikaacha kumpelekea Elia chakula, na mwaka ulipokwisha nikaacha na kazi. Elia alipandishwa, akachukuliwa na ofisi kubwa kwa sababu ya lebo ile, akaonyeshwa kwa wageni kama kijana aliyechora ua. Sijui kama alichora jingine. Mimi, mwishowe dukani kwangu mwenyewe, nilichora mengi: bogenvilia, maua ya mkwaju, mpaka maua ya mzabibu ambayo watu hubisha kwamba hayapo kwa udogo wake, yote kwenye kadi na sare za harusi na kanga za vikundi, na kila mara kuna mtu atakayesema, "Siku hizi kompyuta zinajua." Tulikutana na Elia mara kwa mara, kanisani, sokoni. Tulisalimiana vizuri. Alikuwa ananiangalia kidogo zaidi ya salamu, kama anayetaka kusema, na mimi nilimngojea aseme, na sasa amekufa.

Basi siku ile ya wasifu nilimwambia Rehema aniache kidogo, nikaenda mwenyewe msibani. Mjane, Mama Rehema, alikuwa chumbani amekaa juu ya godoro na wanawake wengine. Nikaomba tubaki wawili. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kisa kizima, lakini niliposema tu, "Dada, ile habari ya ua," akafumba macho.

"Najua," akasema. "Aliniambia tangu uchumba wetu. Kila tukinunua dumu alikuwa analigeuza upande wa ukutani."

"Sasa mbona mmeandika hivi?"

"Kaandika baba mdogo wake. Na watoto ndivyo wanavyojua. Wamekua wanalionyesha shuleni. Leo baba yao yuko kwenye jeneza, nami niwaambie si lake?" Akajifuta pua kwa kanga. "Na nikiliondoa, Nyemo, niandike nini? Hakuacha kitu kingine."

Nilikasirika tena, na hasira ile ilikuwa na huruma ndani yake, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu huwezi kuitoa yote. Nikamwambia kwamba aliacha kitu. Andikeni kwamba alimfundisha kuchora mtu aliyelichora lile ua. Hilo ni kweli, na si dogo, na halimwibii mtu. Akalikunja pindo la kanga, akalikunjua. Kisha akasema, "Chapa unavyojua. Watoto nitawaeleza mimi." Nikarudi dukani, nikachapa.

Siku ya mazishi uwanja wa nyumba ulijaa, viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai, upepo unapeperusha karatasi za watu. Kila mmoja alikuwa na ratiba yangu mkononi. Aliyeitwa kusoma wasifu ni yule baba mdogo, mzee mrefu mwenye koti zito na jua lote lile. Hakuchukua ratiba. Alitoa mfukoni karatasi yake mwenyewe, aliyoiandika kwa mkono, akaikunjua, akaanza. Alizaliwa Mpwapwa. Akasoma Mpwapwa. Watu walifuatisha kwenye karatasi zao kama wanavyofuatisha somo kanisani. Akafika palepale, na akasoma ya kwake: marehemu ndiye aliyechora ua la alizeti. Vichwa vikainuka kutoka kwenye karatasi, vikamtazama, vikainama tena kuangalia kilichochapwa. Rehema na wadogo zake, mstari wa mbele, waligeuka wakamtazama mama yao.

Nikasimama. Sikupanga kusimama.

"Baba, shikamoo," nikasema. "Naomba usome kilichochapwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, tuko msibani. Hayo si ya kuzungumzwa hapa."

"Kungekuwa na mahali pengine ningekwenda, baba. Nilikwenda kwa mwenye duka. Nilikwenda kwa marehemu mwenyewe. Watu wote wamekaa hapa leo. Soma kilichochapwa."

Mtu nyuma yangu alinivuta gauni nikae. Mchungaji akakohoa. Mzee aliendelea kushika karatasi yake, na sikuwa na uhakika kabisa atafanya nini, ila nilijua kwamba sitakaa. Mama Rehema, bila kuinua kichwa, akamnyooshea ratiba aliyokuwa nayo mapajani.

"Msomee, baba mdogo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Mzee akaipokea. Akaisogeza karibu na macho, akatafuta mstari kwa kidole, akasoma polepole, kwa sauti isiyopenda inachokisoma, kwamba marehemu alikuwa fundi wa michoro, na kwamba alimfundisha kuchora Nyemo Chilewa, ambaye alichora ua la alizeti. Nilibaki nimesimama mpaka jina langu lilipotamkwa lote, la kwangu na la baba yangu, ndipo nikakaa.